Kilima cha Nne Sikukipanda

Kama ni neno figo lililokuleta hapa, karibu, kaa. Sitakueleza figo zinafanya kazi gani. Hayo utaelezwa na waliosomea, tena mara nyingi kuliko unavyotaka. Mimi nitakusimulia siku moja ya mwisho wa Novemba, mwaka 2016, nilipopanda vilima na watu wa kanisa letu kusini mwa Louisville. Nilikuwa nimeshamaliza miezi kumi na sita kwenye mashine ya kusafisha damu, na nilikuwa nimemkatalia mdogo wangu kitu nilichokihitaji kuliko chakula. Nilijiona nina akili sana. Soma, uzione akili zangu.

Naitwa Mapendo. Kwetu ni Fizi, mashariki ya Kongo, na kabla ya Amerika tulikaa kambini Tanzania miaka mingi. Hapa tunaishi South End, mimi, mume wangu Elia na watoto watatu. Nilikuwa napanga vifurushi kwenye ghala. Miguu ilipoanza kuvimba nilisema ni viatu, nikanunua viatu vingine. Uso ulipovimba nilisema ni usingizi. Nilipoanguka kazini katikati ya makasha, sikupata tena cha kusingizia.

Tangu siku hiyo kalenda yangu ikabadilika. Watu walihesabu Jumatatu na Jumapili, mimi nilihesabu Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, saa kumi na moja alfajiri, masaa manne kila mara kwenye kiti. Chumba cha kungojea kilikuwa na viti vya plastiki na televisheni iliyofungwa juu ukutani, na sijui nani aliamua kwamba sisi ambao karibu kila chakula tumekatazwa tuwe tunaangalia vipindi vya mapishi. Tuliangalia. Mzee mmoja mweupe, Dale, aliyekuwa na miaka saba kwenye mashine, alikuwa akiviambia vile vyakula kwaheri kimoja kimoja. Alikuwa pia anachukua blanketi mbili zilizopashwa moto, moja yake, moja ya kuniwekea mimi kitini kabla sijafika. Hatukuelewana maneno mengi. Blanketi nilielewa.

Mwili haukuwa wangu tena. Kwenye mkono wa kushoto waliunganisha mishipa miwili ili sindano zipate njia, na pale mahali pakavimba, ukiweka kidole unasikia panatetemeka. Ngozi ilibadilika rangi, ikawa kama imepakwa majivu, na iliwasha hadi nilikuwa najikuna kwa kitana. Mdomoni nilikuwa na ladha ya chuma. Mkojo ulipungua wiki hadi wiki, mwishowe ukaacha kuja kabisa, na hilo hakuna aliyeniandalia moyo. Maji nilipimiwa kwa kikombe. Sombe ya majani ya muhogo, ndizi, maharage, nyanya, vyote nilivyolelewa navyo, vikawa vya kuonja tu au vya kuangalia.

Elia alipika sufuria mbili kila siku, yangu na ya wengine. Alipika miezi mingi bila kusema neno, halafu Jumapili moja akatupa mfuniko chini, akatoka, akakaa kwenye gari na vioo vimefungwa. Nilimfuata. Alikuwa analia. Damu yake ilikuwa imepimwa na kuonekana haipatani na yangu, na yeye alilichukua jambo hilo kama kosa lake. Nilikaa naye humo garini mpaka watoto wakatoka kuuliza kuna nini.

Sasa nikueleze wadogo zangu, maana habari yote imelala hapo. Furaha anakaa Reynoldsburg, upande wa mashariki ya Columbus, anatunza wazee. Sadiki anakaa Buffalo, anafanya kazi kwenye kiwanda kule Tonawanda. Ukisoma karatasi zao za ukimbizi, hao ni mapacha.

Si mapacha. Furaha ni mdogo wangu wa tumbo moja. Sadiki ni mtoto wa baba mdogo. Mama yake alifariki siku chache baada ya kumzaa, na mama yangu, aliyekuwa na Furaha wa wiki tatu mgongoni, alimchukua akamweka titi la pili. Walikua hivyo, kulia na kushoto. Kambini, siku ya mahojiano, wazazi wetu wote walikuwa wameshafariki, na mimi mkubwa ndiye niliyejibu. Afisa aliuliza mama wa huyu kijana ni nani. Nikataja jina la mama yangu, na alipouliza baba nikataja wangu. Sikujiona nadanganya, ungeniuliza hata usingizini ningejibu hivyo hivyo. Tarehe zao za kuzaliwa hakuna aliyezijua, kwa hiyo wote wawili wakaandikiwa tarehe moja ya mwezi wa kwanza, kama walivyoandikiwa nusu ya watu wa kambi. Mama mmoja, baba mmoja, siku moja. Mashine ikatoa mapacha. Tuliona mahali palipoandikwa hivyo tukiwa tumeshafika Amerika, tukacheka, tukaweka karatasi kabatini.

Nilipougua, kati ya wadogo zangu Furaha ndiye aliyepimwa wa kwanza, kule Columbus. Walimrudisha kwa sababu ya presha. Siku hiyo hiyo jioni Sadiki akanipigia simu kutoka Buffalo, akasema basi zamu ni yake.

Nilikuwa jikoni. Nilikumbuka zile karatasi, nikaona giza. Hospitali tayari ina damu ya Furaha. Aje sasa pacha wake, damu yake ipimwe mpaka kwenye mizizi, kompyuta ione kwamba huyu hata si ndugu wa mama mmoja. Barua itoke hospitali iende serikalini. Na Sadiki alikuwa ameshapeleka maombi ya uraia. Mwaka ule wa uchaguzi watu wetu walikuwa wanaogopa hata bahasha za posta, kila baada ya ibada mtu anasimulia habari ya fulani aliyeitwa akaulizwa. Nikamwona mdogo wangu anarudishwa kule tulikotoka kwa sababu ya jibu langu mimi. Nikamwambia kwamba madaktari wamekataa mtu yeyote anayefanya kazi na kemikali za kiwandani. Uongo ulinitoka mzima mzima. Akasema sawa, dada. Baada ya hapo simu zake zikapungua.

Elia nilimwambia ukweli, akasema naogopa kivuli. Tuligombana wiki nzima. Mimi nilisema yeye haelewi mambo ya karatasi, yeye akasema mimi sielewi mambo ya kufa.

Basi, vilima. Kwetu mtu akiwa na jambo zito anapanda mlimani kusali, na watu wetu walipofika Louisville walitafuta mlima kwanza, duka la unga baadaye. Milima ya kweli hakuna. Kuna vilima vya msitu upande wa kusini wa mji, vimefuatana, na njia inapita juu kwa juu kutoka kimoja hadi kingine. Kila mwaka, Ijumaa inayofuata sikukuu ya Waamerika ya kula bata mzinga, kanisa letu linapanda vinne. Kila kilima na maombi yake: cha kwanza kwa waliobaki Kongo, cha pili kwa watoto, cha tatu kwa wagonjwa, cha nne kila mtu na lake. Wanafunga kavu, bila chakula wala maji. Mimi niliwaambia hicho kitu mnachofanya siku moja nakifanya mwaka wa pili sasa, nanyi mnataka sifa.

Muuguzi wangu alikubali niende baada ya kunihubiria: nisipande haraka, nisibebe kitu kwa mkono wa kushoto, nikisikia kizunguzungu nikae chini hapo hapo. Nilibeba vipande vya barafu kwenye chupa ya chai, vya kumumunya. Sadiki aliendesha gari kutoka Buffalo Jumatano, akampitia Furaha Reynoldsburg, wakafika kwetu wakiwa na mito shingoni. Alinisalimia vizuri, akacheza na watoto, akala. Lakini macho yake hayakukaa kwangu hata mara moja. Elia alibaki nyumbani na watoto.

Ilikuwa msimu wa kuwinda paa, na msituni unatakiwa kuvaa rangi ya kuonekana mbali. Hakuna aliyenunua kitu. Kila mtu alikuja na kizibao chake cha kazini, cha machungwa au cha kijani kinachong'aa, kutoka ghala gani na kiwanda gani, na Mama Riziki, kiongozi wetu wa maombi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya mto, alivaa chake juu ya kitenge na koti. Tulionekana kama watu waliokwenda kutengeneza barabara. Mzungu mmoja na mbwa wake alitupisha, akatuuliza kwa heshima kama njia imefungwa.

Kilima cha kwanza nilikipanda kwa miguu yangu. Miti ilikuwa imeshapukutika, majani makavu yamefika vifundoni, na chini ya majani kuna mawe yanayotembea. Ubaridi ulikuwa mzuri, wa kusafisha pua. Kule juu uliona mbali kupitia matawi matupu, mpaka moshi wa mji na ndege za mizigo zikishuka. Tuliwaombea waliobaki. Kilima cha pili si kirefu, lakini unateremka kwanza kabla ya kukipanda, na ile kuteremka ndiyo iliyonimaliza. Nilifika juu nikiwa nahema, nikawaombea watoto nikiwa nimekaa.

Kwenye mteremko wa baada ya hapo ukaja mkakamao. Mguu wa kulia ulikaza mpaka kwenye paja, nikakaa kwenye gogo. Mama Riziki akataka kusimamisha safari yote. Furaha akasema, bila kuniangalia, kwamba waendelee, Sadiki atabaki na mimi, tena itakuwa vizuri. Nilimjua mdogo wangu: alikuwa amepanga. Vizibao vikaondoka kimoja kimoja kati ya miti, na nyimbo nazo, mpaka tukabaki wawili.

Sadiki alipiga magoti kwenye majani akanikanda ule mguu. Alikanda muda mrefu. Alipoanza kusema aliusemesha mguu, si mimi, kwa Kiswahili cha kwetu Kongo, ambacho 'njo' ni 'ndiyo' na 'juu' ni 'kwa sababu'.

"Bon, dada. Leo sema tu kweli. Niliuliza kwa hospitali kule Buffalo. Kazi ya kiwanda haina shida. Hakuna dokta alisema vile."

Nikaangalia kule wenzetu walikopotelea.

"Furaha, ulimuacha apime. Elia, ulimuacha. Mimi njo unakatala. Juu mimi si mtoto ya mama yako, donc hautaki kitu yangu iingie ndani ya mwili yako. Miaka yote nilikuwa naitika 'ndugu, ndugu', kumbe ilikuwa ya mdomo."

Msomaji, nimechomwa sindano nene mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na hakuna iliyoniuma kama maneno hayo. Kwa miezi mitano mdogo wangu alikuwa anasimama mbele ya mashine ya kiwanda akijiambia kwamba dada yake anaona afadhali afe kuliko kuishi kwa kitu chake. Mimi nilidhani namkinga, kumbe namtoa katika ukoo. Nililia kwa sauti, nikamwambia yote: mahojiano, jina la mama, tarehe ile moja, damu ya Furaha iliyoko Columbus, barua, uraia, kurudishwa. Nilisema kwa fujo, nikirudia mara mbili mbili. Nilimwambia sitaki figo ya mtu ambaye nitamlipa kwa kumpoteza.

Aliacha kukanda. Akanitazama kama mtu aliyeonyeshwa mlango uliokuwa nyuma yake siku zote.

"Njo hiyo tu?"

Nikasema ndiyo, hiyo tu.

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani. Ndipo akaniambia kwamba mwezi wa kumi alikwenda kupimwa Buffalo bila kumwambia mtu isipokuwa Furaha. Muuguzi alimuuliza mgonjwa ni nani wake. Na yeye, ambaye hakuwa na habari ya hofu zangu, alimjibu kama ilivyo: 'Mtoto wa baba mkubwa, na mama yake ndiye aliyeninyonyesha.'

"Akaandika 'binamu'. Halafu akanipa kikopo, akasema nenda ukojoe." Alifuta macho kwa kizibao. "Ile njo siri yako, dada. Hata hakuinua kichwa."

Yule muuguzi alikuwa amemweleza pia kwamba hata rafiki, hata mtu asiyekujua, anaweza kutoa figo, na kwamba vipimo vyake ni vyake, haviendi ofisi yoyote ya serikali. Yote niliyoyajenga kichwani kwa miezi mitano, mtu angeyabomoa kwa simu moja, na simu ilikuwa mfukoni mwangu. Majibu yalikuwa yametoka: tulipatana vya kutosha. Alikuwa amekuja nayo Louisville bila kujua kama atayasema au atarudi nayo.

Mimi bado nilikuwa na ukaidi wangu. Nikamuuliza habari ya uraia: je, wakiona wenyewe, kwa njia nyingine? Akasema atakwenda kwa mwanasheria wa wakimbizi, aandike mwenyewe jinsi ilivyokuwa, kabla hajaulizwa. Nikamuuliza, na kama wanachukua karatasi?

Alisimama, akanipa mkono, akakumbuka, akabadilisha akanishika ule wa kulia.

"Wachukue karatasi. Figo nitakuwa nishatoa."

Kilima cha tatu nilikipanda naye nyuma yangu, kiganja chake mgongoni, akinisukuma kama mtu anayesukuma gari lililokataa kuwaka. Kila hatua kumi tulisimama, nikamumunya barafu. Yeye alikuwa amefunga, midomo imemkauka, nikamwonea huruma nikampa kipande. Akakitazama, akakila. Nadhani Mungu hakujali. Tulipofika juu, wenzetu walikuwa bado wanawaombea wagonjwa, na Mama Riziki aliponiona aliongeza sauti. Furaha alituangalia nyuso, mmoja halafu mwingine, akaja akaegemeza kichwa chake begani kwangu.

Kilima cha nne sikukipanda. Nakuambia makusudi, kwa sababu watu wanapenda kusimulia ugonjwa kama mtu aliyefika kileleni na bendera. Mimi nilikaa kwenye jiwe na Furaha, tukiwa tumejifunika koti moja, tukawasubiri wenzetu waende na kurudi. Jua lilikuwa jembamba lakini lipo. Nilikuwa nimechoka mpaka kwenye meno, na kesho yake kulikuwa na mashine. Na bado, kwa mara ya kwanza tangu nianguke kazini, niliwaza kitu cha mwaka unaofuata bila kusema "kama".

Majira ya baridi yalikuwa marefu. Vipimo zaidi, vya kwake Buffalo na vya kwangu Louisville. Theluji ilifunga barabara za Buffalo mara mbili, miadi ikasogezwa. Mwezi wa kwanza niliugua mafua, vipimo vikasimama. Mzee Dale aliacha kuja mwezi wa pili. Sikuuliza, nilichukua blanketi mbili siku ile, nikampa moja mama mmoja mgeni aliyekaa kwenye kiti chake akitetemeka, na nilipofika nyumbani nililia. Mwanasheria alimsaidia Sadiki kuandika habari yake yote. Faili lake lilikawia sana kuliko ya wenzake, na kukawia huko kulinikosesha raha, lakini lilipita. Leo ni raia. Kwa hiyo kama una jambo la karatasi linalokufunga mdomo mbele ya daktari, muulize mwanasheria. Usiwaulize watu wa baada ya ibada, na usijiulize mwenyewe peke yako jikoni.

Tulipasuliwa siku moja, Louisville, miti ilipoanza kuchanua maua ya rangi ya zambarau kando ya barabara. Asubuhi ile walitulaza vyumba viwili vinavyotazamana. Mimi niliomba, yeye aliomba apewe supu.

Nilipozinduka koo lilikuwa kavu na tumbo linauma kwa upande mmoja. Muuguzi aliinua mfuko uliokuwa umeninginia kando ya kitanda, akanionyesha. Ulikuwa na mkojo, wangu, wa manjano, unazidi kujaa nikiwa natazama. Elia aliupiga picha. Najua si picha ya kupiga, lakini anayo mpaka leo, na sijamwambia aifute.

Siku ya pili Sadiki alikuja chumbani kwangu kwa miguu, ameinama kama mzee, anasukuma chuma chenye magurudumu cha kutundikia dawa, mkono mmoja umeshika ubavu. Nilitaka kumshukuru. Nilikuwa nimepanga maneno toka usiku, maneno mazuri, ya mtu mkubwa kwa mdogo wake. Akanikataza kwa mkono, akasema nisimlize wala nisimchekeshe, nyuzi zinamuuma. Akakaa polepole kwenye kiti, akavuta pumzi, akanitazama tumboni kwanza, halafu usoni.

"Sasa hauwezi kunikatala tena, dada," akasema. "Nishaingia."